Maji ya Mwezi Huu

Eduviges Tolaba alikuwa na miaka thelathini na saba alipotoa albamu yake, na kumi na minne kati ya hiyo alikuwa ameimaliza akisoma mita za maji za Sauce Mocho, mji mdogo karibu na mpaka wa Argentina. Mji ulikuwa na nyumba mia tatu na kumi na mbili zenye bomba. Kila mwanzo wa mwezi alizipitia zote kwa miguu, daftari kwapani, mkononi kipande cha nondo cha kufunulia vifuniko vya mita na kutishia mbwa. Akifika getini hakugonga. Aliita, "Maji ya mwezi huuu!" kwa sauti ndefu yenye kupanda na kushuka, ikasikika hadi ng'ambo ya mto. Wavivu walimjibu kutoka kitandani aingie mwenyewe. Wapweke walimwekea kiti.

Aliishi na baba yake, Mzee Anselmo, ambaye kwa miaka arobaini alikuwa mpiga fidla wa Pasaka, mpaka baridi yabisi ilipomkamata vidole. Mama alifariki Eduviges akiwa na miaka tisa. Kwa baba alijifunza tuni, na maneno aliyaokota nyuani mwa watu. Alitunga akitembea, na mistari aliiandika kurasa za nyuma za daftari la mita. Siku nyingine ilivuka ikaingia kurasa za mbele, na hapo Ofelia, karani wa Ushirika wa Maji, alimwita dirishani.

"Eduviges, hapa kwa mwalimu mkuu umeandika 'moyo wangu ni kisima'. Nijaze uniti ngapi?"

"Jaza kumi na nane. Kisima si chake."

Mwaka huo, elfu moja mia tisa tisini na nane, Alhamisi ya mashoga, sikukuu ya wanawake marafiki kabla ya Kanivali, wanawake walikuwa wamekwisha kupeana vikapu vya maua na mikate, chicha, pombe ya mahindi, imezunguka, na uwanjani watu wamefanya duara kusikiliza malumbano ya beti. Katikati alikuwa Hilarión Aldana, mwenye bucha, ambaye kwa miaka sita hakuna aliyemshinda. Alikuwa na kifua kipana na ulimi mchafu, na ngoma ndogo mkononi. Alipomwona Eduviges kando ya duara, alimgeukia.

Wapita kila mlango,
mita za watu wasoma,
kwako hapabishwi hodi,
mita yako imegoma.

Watu walicheka sana, maana Eduviges hakuwa ameolewa na kila mtu alilijua hilo. Mtu akamsukuma katikati. Akachukua ngoma, akaipiga mara tatu kupata pumzi, akajibu:

Mita yangu haigomi,
yangoja maji halali;
lako wewe bomba bovu,
lavuja nyumba ya pili.

Kicheko kilichofuata kilikuwa cha aina nyingine. Nyumba ya pili ya Hilarión ilijulikana na kila mtu isipokuwa, labda, mkewe, na mkewe alikuwa amesimama pale pale na kikapu chake. Hilarión alifungua mdomo akaufunga. Siku hiyo hakujibu, na wanaojua malumbano wanajua kwamba asiyejibu ameshindwa.

Mmoja wa waliocheka alikuwa Wálter Jurado, mzaliwa wa Sauce Mocho aliyekuwa na studio ndogo mjini Tarija. Kesho yake alikwenda kwa Mzee Anselmo, akakuta Eduviges anafua.

"Dada Eduviges, una nyimbo ngapi zako mwenyewe?"

"Za kukamilika au za kuanza?"

"Za kukamilika."

"Kumi na moja. Moja mbaya."

"Basi kumi. Njoo Juni tuzirekodi. Usilete kitu, lete gitaa na huyo mzee wako."

Juni alichukua likizo yake ya wiki mbili. Studio ya Wálter zamani ilikuwa chumba cha daktari wa meno. Kile kiti bado kilikuwamo, na mwimbaji aliyengoja zamu yake alilala juu yake kama mgonjwa. Kutani zilitundikwa blanketi nzito za sufu. Jirani palikuwa na fundi seremala aliyewasha msumeno saa tatu kamili, kwa hiyo walirekodi tangu saa kumi na mbili asubuhi, kwenye baridi inayotoa moshi mdomoni, na msumeno ukilia siku yao imekwisha.

Waligombana mara moja tu, juu ya ngoma ya mashine.

"Vijana hawachezi fidla tupu," alisema Wálter.

"Fidla hii si ya kuchezwa, ni ya kusikilizwa."

"Ndiyo maana haiuzwi."

Mzee Anselmo alikuwa ameketi kwenye kiti cha meno, mikono ameificha kwapani ipate joto. Alisikiliza ile mashine ikipiga kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Ngoma hii haichoki?"

"Haichoki, mzee."

"Basi haijui inapiga nini."

Walikubaliana mashine iingie kwenye nyimbo sita, nne zibaki na gitaa na fidla. Mzee alipiga fidla katika hizo nne, na kwa wimbo mmoja alihitaji siku tatu, kwa sababu kidole cha tatu kilikuwa kinakubali asubuhi moja na kukataa asubuhi nyingine. Wimbo huo uliitwa "Sahani ya Pili".

Habari yake ni hii. Juu kidogo ya mji aliishi Bi Casilda Gareca. Mumewe, Rosendo Aldana, ambaye ni kaka yake Hilarión wa bucha, alivuka mpaka mwaka wa sabini na sita kwenda kukata miwa Argentina. Aliaga kwamba ni msimu mmoja. Miaka ishirini na miwili ilikuwa imepita bila barua. Mita ya Bi Casilda ilikuwa chini ya dirisha la jiko, na kwa vile nyumba yake ilikuwa ya mwisho kabla ya mapumziko, Eduviges alifika daima saa sita mchana. Akiinama kusoma namba aliona meza ndani: sahani mbili za nyama ya kusagwa na pilipili, vijiko viwili, na mtu mmoja anakula. Kila mwezi, kwa miaka kumi na minne. Humo ndimo ulimotoka ubeti ambao baadaye kila mtu aliujua:

Sahani mbili mezani,
moja tu ndiyo huliwa;
ya pili yapoa bure,
na machozi hutiliwa.

Siku walipomaliza kuurekodi, ndani ya basi la kurudi, Mzee Anselmo alimuuliza binti yake, "Umemwambia?"

"Sikumtaja jina, baba. Na nimesema mume alikwenda machimboni, si kwenye miwa."

"Sikukuuliza habari ya jina."

Eduviges aliangalia nje ya dirisha. Alikuwa na mkanda wa majaribio mfukoni na alikuwa na furaha ambayo hakutaka iguswe.

Albamu ilitoka mwezi wa Agosti, kanda mia tano na CD hamsini, ikiitwa "Maji ya Mwezi Huu". Kwa kuwa nyumbani kwa Tolaba hapakuwa na simu, nyuma ya jalada iliandikwa namba ya Ushirika wa Maji. Redio ya parokia iliipiga yote Jumapili baada ya misa, na kufikia Jumatatu mji mzima ulikuwa umeanza kujitafuta ndani yake. Wimbo wa mbwa mwoga ulichukuliwa na padri, ambaye alisema kwa majivuno kwamba mbwa ni wake. Mwoka mikate alimngoja Eduviges mlangoni na uso umekunjamana.

"Miaka yote hii nakupa mkate wa moto, na hata mstari mmoja sina?"

"Mzee Fermín, wewe una maisha mazuri. Sikuwa na cha kusema."

"Ungeweza kusema hilo."

Wazee wapiga fidla walikutana barazani kwa Anselmo kumpa pole, kana kwamba amefiwa. Walisema nyimbo nne ni nyimbo, sita ni kelele za disko. Wasichana wa sekondari walisema kinyume chake. Gazeti moja la La Paz lilitoa safu nusu ya uchambuzi: fidla ya bonde imezamishwa na mashine, mwandishi alisikitika. Jingine lilisifu "sauti inayonukia udongo". Ofelia aliusoma uchambuzi huo kwa sauti pale dirishani, na Eduviges alinusa mkono wa shati lake.

"Nanukia udongo?"

"Leo unanukia mbwa," alisema Ofelia. "Lakini wamekusifu. Weka gazeti."

Aliliweka. Wiki tatu zile za mwanzo zilikuwa tamu, na baadaye, alipoulizwa, hakuwahi kukana utamu wake.

Mwanzo wa Septemba alifika kwa Bi Casilda saa sita, kama kawaida, akaita. Geti lililokuwa wazi miaka yote lilikuwa limefungwa kwa waya. Sauti ya Bi Casilda ilitoka nyuma ya ukuta, karibu sana, kama mtu aliyekuwa amesimama pale akingoja.

"Huna haja ya kuingia. Umekwisha kuchukua ya kutosha humu ndani."

"Bi Casilda, mimi..."

"Namba hiyo hapo chini."

Chini ya geti palikuwa na kikaratasi chenye namba ya mita, kwa mwandiko mkubwa wa mtu aliyejifunza kuandika ukubwani. Eduviges alikiokota. Alisimama pale kidogo, akaondoka.

Oktoba ikawa vile vile. Kwa majirani Eduviges aliyasikia yaliyobaki: kwamba watoto wa shule walimwimbia Bi Casilda ubeti ule akipita, kwamba wanawake wawili walikuwa wamepandisha njia yao ya kisimani ili wapite mbele ya dirisha lake saa sita, kwamba sokoni muuza viazi alimwongezea viazi viwili vya huruma, naye akavirudisha kimoja kimoja. Eduviges alikwenda redio ya parokia kuomba wimbo usipigwe tena. Mtangazaji alikuwa kijana mwenye adabu.

"Dada, ningeweza kuuacha kwa wiki moja. Lakini hauko mikononi mwangu tena. Wanaupiga hadi Orán, Argentina. Huko ng'ambo watu wetu wanauomba kuliko zote. Kila mtu kule ameacha sahani mahali."

Usiku ule hakulala vizuri, na asubuhi baba yake alipomwona anakoroga uji bila kuunywa alisema tu, "Wimbo ni kama maji ya mfereji. Ukishaufungulia, huchagui shamba."

Alhamisi moja mwishoni mwa Oktoba, Ofelia alimfuata hadi mtaa wa chini, mbio na viatu vya ofisini.

"Kuna simu yako. Kutoka Argentina. Anasema atangoja."

Alipofika Ushirika na kushika simu alisikia sauti ya msichana, nyembamba, yenye lafudhi ya kule.

"Ndiye wewe unayeimba 'Sahani ya Pili'?"

"Ndiye."

"Naitwa Mirta. Niko Orán. Redioni walisema mwimbaji ni mtu wa Sauce Mocho. Baba yangu alikuwa mtu wa Sauce Mocho. Nataka kuuliza kama huyo mama wa sahani anaitwa Casilda."

Eduviges alimwangalia Ofelia, ambaye alikuwa anajifanya kupanga risiti.

"Kwa nini unauliza?"

"Baba yangu alikuwa Rosendo Aldana. Alifariki miaka mitatu iliyopita, kifua. Siku za mwisho alituambia ana mke huko na kwamba tumpelekee habari. Mama hakutaka. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita, nikaogopa. Sasa mama naye hayupo. Na huu wimbo unapigwa kila siku, nikipika unapigwa, nikifua unapigwa. Siwezi tena. Yu hai?"

"Yu hai."

"Mwambie basi. Au nimwambie mimi. Sema wewe ipi bora."

"Nitamwambia mimi," alisema Eduviges. "Nipe namba yako."

Alipoweka simu, Ofelia alikuwa ameacha risiti. "Sitasema," alisema Ofelia, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakusema.

Jioni Wálter alipiga simu Ushirika kwa habari za kanda zaidi, na Eduviges, ambaye hakuwa na mtu mwingine wa kumshauri kuhusu mambo ya muziki, alimdokezea. Wálter alipiga mluzi. "Dada, hiyo ni habari ya ukurasa wa mbele. Wimbo umempata mtu aliyepotea. Niruhusu nimwambie mwandishi mmoja tu."

"Ukimwambia hata mmoja, kanda zako zitie kwenye jiko upikie," alisema Eduviges, akakata.

Kwa baba yake maneno yalikuwa mafupi. "Ulichukua bila kuomba," alisema Mzee Anselmo. "Sasa una kitu chake. Mpelekee."

Alikwenda kesho yake saa sita, bila daftari na bila nondo. Geti lilikuwa na waya wake.

"Si siku ya mita leo," alisema Bi Casilda kutoka ndani.

"Sikuja kusoma mita. Nina habari za Rosendo."

Kuku walikuwa wanachakura upande wa pili. Kisha waya ulifunguliwa, taratibu, mizunguko yote mitano.

Bi Casilda alikuwa mwanamke mfupi wa miaka hamsini na tatu, mikono imekauka kwa jembe, nywele zimesukwa mikia miwili hadi kiunoni. Alimpeleka jikoni. Sahani zilikuwa mbili. Alimwonyesha Eduviges kiti, si kile cha sahani ya pili, kingine kilichokuwa karibu na jiko, naye akaketi mahali pake.

Eduviges alimweleza yote kama alivyoyapata, bila kupamba. Bi Casilda alisikiliza akiangalia mlango.

"Miaka mitatu," alisema.

"Mitatu."

"Na huyo binti ana miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

Bi Casilda alihesabu kwa kidole gumba, kifundo kwa kifundo. "Ndiye. Niliambiwa ni wa kike."

Eduviges alidhani hakusikia vizuri. "Uliambiwa?"

"Mwaka wa nne. Marehemu Basilio alirudi kutoka kwenye miwa akaja kuniambia, Rosendo ana nyumba huko na mtoto mchanga. Nikamwapisha asimwambie mtu, naye akafa nayo, Mungu amrehemu." Alivuta sahani yake karibu, akaanza kula, kwa sababu chakula kilikuwa kinapoa. "Wewe ulidhani nilikuwa namngoja?"

"Nilidhani hivyo, bibi. Miaka kumi na minne nilidhani hivyo."

"Miaka miwili ya kwanza nilimngoja. Nisidanganye. Baada ya hapo, shamba hili liko kwa jina la baba mkwe wangu. Hilarión analitaka kwa ng'ombe wake wa bucha. Mke aliyeachwa anarudishwa kwao. Mke anayengoja mume haguswi, watu wangemlaani. Basi nikaweka sahani. Shemeji akija namwambia, kaa hapa, ila si kwenye kiti kile, ndugu yako anaweza kuingia saa yoyote. Haji tena mwezi mzima." Alitafuna. "Sahani hiyo ilikuwa inalinda mahindi yangu. Wewe ukaja ukaitia machozi."

Eduviges aliona aibu iliyomshika hadi masikioni, na haikuwa ile aliyokuja nayo. Aliyokuja nayo ilikuwa ya mtu aliyefichua siri. Hii ilikuwa ya mtu aliyeangalia dirisha moja kwa miaka kumi na minne na asione.

"Na macho yangu yalikuwa yanatoka maji kweli," aliendelea Bi Casilda, "kwa sababu naweka pilipili nyingi. Ungeuliza ningekwambia."

"Nisamehe, bibi."

"Hilo la samahani tutaliangalia. Sasa amekufa, na hili likijulikana, Hilarión atakuwa hapa kabla ya Jumapili. Huyo binti anaweza kuja?"

Mirta alifika kwa basi tarehe moja Novemba, siku ambayo kila nyumba ya Sauce Mocho ilikuwa imepanga meza kwa ajili ya marehemu wake. Alikuwa msichana mrefu mwenye pua ya kina Aldana, cheti cha kifo kwenye mfuko wa plastiki, na woga mwingi. Bi Casilda alimwangalia kuanzia viatu hadi nywele. Akamwambia, "Umechoka. Ingia ule." Walipanga meza ya Rosendo wote watatu, Eduviges akikanda mikate ya umbo la ngazi ya roho kupandia, na hakuna aliyelia.

Hilarión alikuja mchana, amevaa shati jeupe, na nyuma yake watu wengi waliokuja kusali na kutazama. Alipiga ishara ya msalaba mbele ya meza. Alikunywa glasi ya chicha. Kisha, kwa sauti ya mtu anayefanya wema, alisema, "Sasa, shemeji, kwa kuwa ndugu yangu amepumzika, sisi wa ukoo itabidi tukae tuzungumzie hili shamba."

Bi Casilda alikuwa amesimama na jagi. Kabla hajajibu, Mirta alisema kutoka upande wa meza, "Baba alisema shamba ni la Bi Casilda."

"Binti, haya ni mambo ya watu wazima."

"Alisema siku anakufa. Alisema: lile la juu ni la Casilda, aliyelilima. Mimi ndiye mtoto wake, na mtoto mwingine hakuwa naye. Nitatia saini popote."

Watu walikuwa wamejaa hadi mlangoni, na Hilarión alikuwa mtu wa kujua hadhira yake. Aliwaangalia wanawake waliokuwa wamesimama mikono kiunoni, mkewe akiwa mmojawapo. Kwa mara ya pili mwaka ule alifungua mdomo akaufunga. Mwezi huo huo yeye na Mirta walitia saini karatasi Tarija, shamba likawa la Bi Casilda.

Eduviges ndiye aliyemsindikiza Mirta kwenye basi. Walingoja wakila ndizi. "Baba yako alisema maneno mazuri," alisema Eduviges.

Mirta alikunja ganda la ndizi vipande vidogo. "Hakusema kitu kuhusu shamba. Alisema tu mpelekeeni habari Casilda." Kisha akaongeza, "Lakini angesema, kama angekuwa mtu wa kusema."

Sijui kama Bi Casilda aliwahi kuambiwa. Nadhani alijua tangu pale pale; alimjua mumewe vizuri kuliko wote.

Zilibaki habari za wimbo. Wálter alikuwa anataka kutoa kanda elfu moja zaidi, kwa ajili ya Orán na Buenos Aires, na Eduviges alikwenda kwa Bi Casilda kumwambia kwamba "Sahani ya Pili" ataiondoa. Geti lilikuwa wazi. Bi Casilda alikuwa anapura maharage.

"Kwa nini uiondoe? Tuni ni nzuri. Ile fidla ya baba yako inaniingia hapa." Alijigusa chini ya shingo. "Maneno ndiyo ya uongo."

"Nibadilishe?"

"Wewe ndiye fundi. Lakini weka kazi. Ule uzio niliujenga mwenyewe, nguzo mia na nne. Hakuna mtu amewahi kuimba nguzo."

Nguzo hazikuingia, Eduviges alijaribu wiki nzima zikakataa mizani. Bi Casilda alilalamika kidogo. Lakini ubeti wa mwisho ulibadilika, na toleo la pili la albamu, lililotoka Machi, liliuimba hivi:

Sahani ile ni ngao,
si machozi, si huzuni;
mwenye kiti yuko mbali,
mwenye jembe yu shambani.

Sauce Mocho waliupenda zaidi huu mpya, hasa wanawake, ambao mstari wa mwisho waliupigia makofi. Ng'ambo, kule Orán, waliendelea kuomba ule wa kwanza, wenye machozi, na redio za huko hazikubadilisha kanda. Yule mwandishi wa La Paz aliyependa udongo aliandika tena, kwa masikitiko, kwamba mwimbaji amepoteza upole wake na kwamba toleo la kwanza lilikuwa na ukweli ambao la pili halina.

Eduviges alilibeba gazeti hilo hadi juu, siku ya mita, akamsomea Bi Casilda aya nzima huku wamekaa kwenye kivuli cha jiko.

Bi Casilda alisikiliza hadi mwisho. "Huyo mwandishi ana mke?"

"Sijui, bibi."

"Hana," alisema Bi Casilda. "Nisomee tena pale anaposema upole."

Mwaka uliofuata Eduviges alialikwa kuimba Orán, kwenye ukumbi wa soko, na watu wakajaa hadi barabarani. Mirta alikaa mstari wa mbele. Bi Casilda alialikwa pia, akatumiwa na tiketi ya basi, lakini ilikuwa wiki ya kuvuna mahindi, akakataa. Eduviges aliziimba nyimbo zote kumi, na "Sahani ya Pili" aliiimba mara mbili, kwanza ya zamani, kwa sababu waliiomba, kisha mpya, bila kueleza. Jumatatu asubuhi alikuwa amerudi kazini, akianzia mtaa wa chini, na kwa vile alikuwa amechelewa siku mbili, alipita haraka.